Chekeche la Linki na Sauti ya Maalim Idi

Namshukuru Mwenyezi Mungu, aliyewapa wanadamu sauti kabla ya kalamu, akawapa kalamu kabla ya kompyuta, kila kitu kwa wakati wake. Namshukuru kwa macho yaliyonitosha mpaka siku yangu ya mwisho kazini, na kwa subira aliyonijaalia kila intaneti ilipokatika huku watu wamejaa mlangoni. Rehema na amani zimfikie Mtume wake na wote waliofuata mwendo wake mwema.

Nyinyi mliobaki pale kaunta mmeniomba niandike habari za kazi. Mmesema nikiwasimulia mnasahau, nikiandika mtasoma. Hilo la kusoma sina hakika nalo, maana nimeona mnavyoyapita matangazo ya ukutani, lakini nimekubali. Sasa nipo nyumbani. Asubuhi nasoma Kurani bila kutazama saa, na mchana, nikijiegesha kidogo, bado nasikia printa ikivuta karatasi mahali fulani nyuma ya usingizi.

Nilianza kazi kwa Mama Aneth miaka ile ambayo watu walikuwa bado wanapanga foleni kutuma barua pepe. Duka lake la intaneti lilikuwa ndani kabisa ya uchochoro unaotokea Mtaa wa Swahili, kushoto muuza vifungo na zipu, kulia muuza mapazia. Ili ufike kwetu ulilazimika kupita katikati ya mapazia yaliyoning'inizwa, moja baada ya jingine, la maua, la mistari, la rangi ya maziwa. Kwa hiyo kila mteja aliingia kama mtu aliyetoka usingizini, anapepesa macho, hajui amefika wapi. Mimi mwenyewe niliingia hivyo hivyo, na wakati mwingine naona kama sikuwahi kuamka vizuri.

Mama Aneth ni mama wa Kichaga, Mlutheri asiyekosa ibada, mwenye sauti ya kuita watu ng'ambo ya barabara. Nilikuja kwake nikijua kuchapa kwa taipureta tu. Nilidhani atanikalisha mbele ya kompyuta. Akanipa stuli ya mlangoni.

"Kaa hapo usikilize," akasema.

"Nisikilize nini, mama?"

"Watu. Mtu haji hapa kutaka kompyuta, dada yangu. Anataka kitu cha kwenda nacho nyumbani. Ukishajua ni kitu gani, hizi mashine nitakufundisha jioni moja."

Basi nikakaa. Anayesema "nataka intaneti" alikuwa anataka matokeo ya mtihani ya mwanawe. Anayesema "nifungulie barua pepe" alikuwa anamtafuta kaka yake aliyeko Muscat. Anayesema "nataka kopi moja tu" mara nyingi alikuwa anataka kiti na feni. Wote tuliwahudumia, hata wa feni.

Katika vyombo vyote vya duka nilivyowahi kushika, nilichokipenda zaidi ni mashine ya laminesheni, ile ya kufunika karatasi kwa plastiki ya moto. Unaingiza cheti kimechakaa upande huu, kinatoka upande wa pili kina joto na kinang'aa kama kimetawadha. Wachuuzi wa samaki kutoka Feri walituletea leseni zao zinazonuka bahari. Watu wa Jangwani walituletea kila kitu, maana kule mvua ikinyesha sana maji yanaingia ndani bila kubisha hodi. Vyeti vya kuzaliwa, vya ndoa, picha za marehemu, ratiba ya mechi. Mtu mmoja alinitaka nimtilie plastiki noti ya bahati. Kwa watu wetu, karatasi iliyotiwa laminesheni imeshaokoka, haina tena cha kuogopa duniani. Likumbukeni hilo, nitalifikia.

Sasa niseme juu ya chekeche, kwa kuwa ndilo mlilolirithi na mnalicheka kwa sura yake.

Wafanyabiashara wa jumla walikuwa wakija na kurasa za viwanda vya nje, ukurasa mmoja una picha za bidhaa kibao, na chini ya kila picha kuna linki. Walitaka linki zote wampelekee mwenzao. Nilikuwa nazinakili moja moja: bonyeza, nakili, hamia kwenye faili, bandika, rudi. Ikifika alasiri kidole cha shahada kinaniuma hata kwenye sala. Siku moja Mama Aneth akaja na flashi, ndani yake kiprogramu kidogo cha bure alichokipata mtandaoni. Hakikuwa na picha wala rangi. Kidirisha cha kijivu, kisanduku kimoja cha kuandikia, kitufe kimoja. Unakipa anwani ya ukurasa, kinapita ndani yake kimya kimya, kinatoa kila linki iliyomo na kuziweka kwenye faili la maandishi.

Niliziona zikimiminika kwenye skrini, mstari juu ya mstari, kama mchele unaopita kwenye chekeche, chuya na mawe yakabaki juu. "Hili ni chekeche," nikasema, na jina likakaa.

Nilimuuliza Mama Aneth tunamlipa nani. Akanionyesha mstari mdogo chini ya kidirisha ambapo aliyelitengeneza amesema ni bure, atumie anayetaka. Hakuandika jina lake. Nilifikiri sana juu ya mtu huyo. Mahali fulani, labda kwenye nchi yenye theluji, mtu ameketi jioni akatengeneza kitu kizuri kisha akakiacha njiani kama mtungi wa maji kwa wapita njia. Sisi tumefundishwa kwamba sadaka ya namna hiyo huendelea kumfuata mwenyewe hata akiwa amelala. Nilikuwa nikimwombea kila nikibonyeza kitufe chake. Kwa kiasi tulichobonyeza, nadhani amepata.

Lakini linki mnapaswa kuijua tabia yake. Hapa Kariakoo hakuna anayekuelekeza kwa namba ya nyumba. Unaambiwa: ukifika kwa wauza ndala, ingia kushoto, ulizia kwa Mpemba wa viungo. Maelekezo hayo ni mazuri, unafika, alimradi Mpemba yupo. Siku akihama, au kibanda kikivunjwa lisimame ghorofa, maelekezo yako bado ni sahihi kila neno, na hayakufikishi popote. Nimekaa mjini muda wa kutosha kubeba kichwani maelekezo mengi ya namna hiyo. Mengine nayatembea nikiwa nimefumba macho, napita madukani kwa watu ambao hawapo, nawasalimia.

Sasa nifikie kesi niliyotaka kuiandika.

Mtaa wa Narung'ombe anakaa mama mmoja anaitwa Bi Tatu. Macho yake yalififia kwa sababu ya sukari. Mdogo wake, Maalim Idi, alikuwa akifundisha darsa la wanawake kila siku baada ya Alasiri, miaka mingi, kwa sauti ya taratibu kama mtu anayekunja nguo. Mmoja wa wanafunzi wake alikuwa akiweka simu karibu na marufaa, kile kibao cha kuwekea msahafu, na kurekodi, na kijana wa msikitini akizipandisha rekodi hizo kwenye tovuti moja ya bure. Maalim akafariki, Mungu amrehemu. Kijana akahamia nje, hapatikani. Rekodi zikabaki kule, na kila siku ikipita Alasiri Bi Tatu anawekewa simu mapajani, anasikiliza. Hakuna nakala nyingine popote.

Kisha tovuti ikatoa tangazo kwamba inafungwa Ijumaa.

Wanawake wa darsa wakahangaika. Wakamtuma Bi Kuruthumu, ambaye mnamjua. Akiingia dukani feni yenyewe inanyamaza. Siku hiyo mimi nilikuwa nimeaga kwenda mazishini. Alimkuta Mama Aneth na watu wamejaa, akamwambia atoe linki zote za darsa la Maalim zipate kuhifadhiwa. Mama Aneth akatumia chekeche, akachapisha, akampa. Bi Kuruthumu akaenda zake akishukuru.

Jumatano asubuhi akarudi na bahasha. Akanikuta kaunta.

"Shikamoo Bi Hawa."

"Marahaba. Habari za Narung'ombe?"

"Salama. Nitilie hizi plastiki, lakini ile nzito, isiyopitisha maji hata kidogo. Bi Tatu atakwenda kukaa kwa bintiye Jangwani, na msimu uliopita maji yalifika kitandani. Hatutaki sauti ya Maalim iloane."

Nikazitoa karatasi. Zilikuwa linki tupu, juu mpaka chini, kila moja ndefu kama jina la mtu pamoja na babu zake wote. Mashine ilikuwa imeshapata moto. Nikaiacha.

"Kuruthumu, mkishafika nyumbani mtazisikiliza vipi?"

"Si kwenye simu! Mkwe wake Bi Tatu anaandika hii hapa, Maalim anatoka."

"Na tovuti ikishafungwa?"

"Ndiyo maana tumezihifadhi, dada. Wewe vipi leo?" Akawageukia waliokaa kwenye benchi. "Jamani, mfungulieni Bi Hawa soda, sukari imeshuka."

Watu wakacheka, nami nikacheka. Nikamshika mkono nikamtoa mpaka kwenye mapazia. Nikamwuliza anamkumbuka yule fundi cherehani wa Mtaa wa Sikukuu ambaye duka lake lilivunjwa mwaka jana.

"Namkumbuka. Ana kitambaa changu mpaka leo."

"Nikikuandikia vizuri namna ya kufika dukani kwake, nikaitia karatasi hiyo plastiki nzito, utakipata kitambaa?"

Alinitazama. Nikaona linaingia polepole, kama maji yanavyoingia chini ya mlango. Kisha akasema kwa sauti ndogo, "Sasa Maalim yuko wapi?"

"Bado yuko kule kule. Mpaka Ijumaa."

"Na Bi Tatu nimeshamwambia alale, tumemaliza."

Mama Aneth alikuwa amesikia, naye hana desturi ya kujifanya hajasikia. "Mimi ndiye niliyechapisha," akasema. "Aliomba linki nikampa linki, hata sikumwuliza za nini. Haya. Lile faili lipo, sikulifuta. Linki nazo bado ni nzima. Tunaingia kila moja, tunamtoa Maalim." Akawageukia vijana waliokuwa wakitazama marudio ya mpira. "Wanangu, leo na kesho hakuna mpira. Intaneti yote inakwenda kwenye dini."

"Dini gani, mama?" mmoja akamtania. "Wewe si Mlutheri?"

"Ondoka hapo kabla sijakuombea."

Ndiyo hivyo tulivyofanya. Faili la chekeche likiwa wazi upande mmoja, tuliziingia linki moja baada ya nyingine na kushusha sauti zilizomo mpaka kwenye kompyuta yetu. Wadogo zangu, mnaofanya kazi na intaneti ya siku hizi hamjui maana ya kuutazama ule mstari wa kijani ukitambaa. Unatambaa, unasimama, unafikiri. Nje wauzaji walikuwa wakinadi mashuka kwa spika, "mbili mbili, chukua mbili," na sauti zao zikipita kwenye mapazia zilifika zimelainika. Nilikuwa naitazama ile kijani mpaka naanza kuona kana kwamba si sauti inayokuja, ni mtu mwenyewe, anatembea kutoka mbali sana, anapumzika njiani, anaendelea. Mama Aneth alikuwa akinigusa bega. "Bi Hawa, wewe omba, mimi nibonyeze."

Nyingine hazikufunguka. Tulijaribu, tukarudia, zikatuletea ukurasa wa kuomba radhi. Tuliziandika pembeni, na bila hata kuongea tukakubaliana kutomwambia Bi Tatu mpaka mwisho.

Alhamisi akaja mwenyewe, ameshikwa mkono na Bi Kuruthumu. Tukampa kiti chini ya feni. Alikaa pale tangu Adhuhuri, mikono imetulia juu ya buibui, uso ameuelekeza kwenye mlio wa kompyuta.

"Umefika wapi?" akaniuliza.

"Tuko kwenye darsa za Ramadhani, dada."

"Hizo alikuwa anasoma vizuri. Saumu ilikuwa inamtuliza." Akageuza uso upande wangu. "Lakini nikwambie kitu, Hawa. Humo ndani ni Maalim wa watu. Anawaambia watu, anawauliza watu. Namshukuru Mungu hata kwa hicho. Idi wangu, yule niliyembeba mgongoni mama alipokuwa anaumwa, humo simsikii. Nasikiliza kila siku, labda atakosea aniite."

Nikabonyeza linki iliyofuata.

Jioni ile, zimekaribia kuisha, Mama Aneth akavuta kiti karibu na skrini. Alikuwa amefungua ukurasa wa tovuti upande mmoja na faili la chekeche upande wa pili, anazilinganisha.

"Hii imetoka wapi? Kwenye ukurasa siioni."

Tukatafuta pamoja. Kwenye ukurasa kila darsa lilikuwa na jina lake, unabonyeza jina, linafunguka. Hii haikuwa na jina. Kijana aliyeipandisha alisahau kuliandika, ikabaki linki isiyo na neno hata moja la kubonyeza. Mtu angeutazama ukurasa ule maisha yake yote asiione. Chekeche halisomi majina, lilikuwa limeichukua pamoja na nyingine.

"Huenda ni takataka," Mama Aneth akasema. "Na ni nzito. Tuna saa moja tu kabla ya kufunga."

"Shusha tu, mama."

Ikashuka ikiwa ya mwisho, pazia la chuma likiwa limeshateremshwa nusu. Hatukupata hata muda wa kuisikiliza.

Ijumaa, baada ya sala, niliufungua tena ukurasa wa darsa. Ulikuja mweupe, hauna kitu, safi kama ukuta uliopakwa chokaa. Niliutazama kidogo nikaufunga.

Alasiri wanawake wakaja kuchukua memori kadi zao. Tulikuwa tumenakili sauti kwenye kadi ndogo za kuingiza kwenye redio za mkononi. Bi Tatu tulimnunulia redio yake, yenye vitufe vikubwa anavyoweza kuvipapasa. Walimwombea dua aliyetengeneza chekeche. Bi Kuruthumu aliongoza.

"Mwenyezi Mungu amrehemu yule bwana."

"Kwani amekufa?" mmoja akauliza.

"Sijui."

"Basi amlinde."

"Amlinde, na siku yake ikifika amrehemu. Semeni amina, tusibishane na mtu tusiyemjua."

Ndipo nikamwambia Bi Tatu kuhusu zile zilizopotea. Alitikisa kichwa taratibu, akasema aliyetoa ndiye aliyetwaa. Nikamwambia pia kuna moja isiyo na jina, hatujui ni nini, akipenda tuifungue. "Ifungue," akasema.

Nikaiweka kwenye spika. Mwanzo hapakuwa na sauti ya mtu. Kulikuwa na kitu kinakokotwa sakafuni, kisha kingine. Bi Kuruthumu akanong'ona, "Ni mikeka. Alikuwa akiitandika mwenyewe kabla hatujafika." Mwanafunzi aliyeiweka simu aliiwasha mapema, akaenda kutawadha, ikasahauliwa pale kwenye marufaa. Kunguru akalia. Maalim akakohoa, akaanza kuimba kaswida puani, nusu anaijua nusu haijui. Mikeka ikaendelea kutandikwa. Dukani kwetu hakuna aliyesogea. Mama Aneth alinyoosha mkono akazima feni.

Kisha ndala zikasikika zikija, polepole, kutoka mbali. Kaswida ikakatika.

"Shikamoo dada," Maalim akasema.

"Marahaba," akajibu Bi Tatu, pale pale kitini, kabla sauti yake mwenyewe kwenye spika haijawahi kujibu. Kisha ikajibu na ile ya zamani, changa kidogo: "Marahaba, Idi. Umekula?"

"Nimekula."

"Umekula nini?"

"Chai."

"Tangu lini chai ikawa chakula?"

Akacheka. Hakuwa Maalim wa watu akicheka hivyo. Alikuwa kijana wa mtu. "Ngoja niwasomeshe hawa," akasema, "nikitoka nakuja kwako, uniwekee." Wanawake wengine wakaanza kuingia na salamu zao, na rekodi ikakatika.

Bi Kuruthumu alikuwa analia bila kelele. Bi Tatu alikuwa ameinamia mbele kidogo, kama mtu anayesubiri mlango ufunguliwe, na uso wake ulikuwa umetulia.

"Nirudishe, dada?" nikamwuliza.

"Rudisha."

Nikarudisha. Mikeka, kunguru, kaswida, ndala.

"Shikamoo dada."

"Marahaba, mdogo wangu," akasema Bi Tatu. "Marahaba."

Nawe uliyenisoma mpaka hapa, Mola akuhifadhie watu wako, wanaozungumza na walionyamaza. Aitie baraka kazi ya mikono yako, akupe riziki ya halali na usingizi mwepesi, na siku ya kuitwa kwako akupokee kwa upole. Amina.